Sifa za Mtunza Programu

Kakamega ni nchi ya radi. Wingu la alasiri likitanda, watu huchomoa televisheni kabla tone la kwanza halijaanguka. Fundi anayebuni kinga ya vifaa hivyo hangoji radi ije imfanyie majaribio. Huieleza saketi yake kwenye kompyuta, programu ikapiga hesabu. Programu mojawapo ni ngspice. Haina malipo, na msimbo wake uko wazi kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kama ulivyo wazi kwa mhandisi wa Ujerumani. Chimbuko lake ni SPICE, aliyoiandika Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikatangazwa mwaka 1973. Mwanzilishi amesifiwa vya kutosha. Mimi namsifu mtunzaji, anayeilinda programu isipotoke. Mtihani wake wa kwanza ni muda.

Umeme wetu wa hezi 50 humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 20, ilhali msukumo wa radi unaotumika maabara hufika kileleni kwa maikrosekunde 1.2 hivi. Programu ikienda kwa hatua fupi za muda daima, kompyuta itakesha. Ikienda kwa hatua ndefu, itairuka radi yote na kuchora mstari uliotulia. Kwa hiyo hukadiria kosa lake kila hatua, na likizidi hurudi nyuma na kufupisha mwendo.

Dayodi nayo ni kaidi: ongeza milivolti 60 hivi, mkondo huongezeka mara kumi. Programu hukisia volteji, husahihisha, hukisia tena, mpaka makisio yakaribiane. Yakikataa, mtunzaji hupata kishawishi cha kulegeza kipimo cha kosa. Akilegeza, kazi itakwisha upesi na watumiaji watafurahi, lakini majibu yatapotoka bila mtu kujua. Mtunzaji wa kweli huiacha programu ikiri kuwa imeshindwa.

Mtihani mkubwa zaidi ni urithi. Katika SPICE, herufi kubwa na ndogo ni mamoja, hivyo M ni mili. Anayetaka mega huandika MEG. Mgeni huandika rezista ya 1M akikusudia ohmu milioni moja, akapewa sehemu moja ya elfu ya ohmu. Kuirekebisha kanuni hiyo ni kazi ya dakika chache, lakini saketi zilizoandikwa kwa miaka hamsini zingebadilika majibu kimyakimya. Basi kanuni hubaki, mwongozo huonya, na badiliko jipya hupimwa kwa saketi za zamani kabla ya kukubaliwa.

Kazi hii haina makofi, maana ikifanywa vizuri hakuna kinachoonekana kubadilika. Enyi mnaosomea umeme Kakamega, msikimbilie kuandika programu mpya. Ichukueni iliyopo, ijaribuni kwa saketi zenu za kuzuia radi, na pale inapokosea wapelekeeni watunzaji saketi ndogo kabisa inayoonyesha kosa. Mchango huo mmoja utamfaa kila atakayeitumia baada yenu.