Mzimu Usioshtakiwa: Mpelelezi na Mambo ya Kale, Kitabuni na Kwenye Skrini

Tangu Muhammed Said Abdulla aliposhinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, uhakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili umeandamwa na swali moja: Bwana Msa ana deni gani kwa Sherlock Holmes? Kiko chake kimehesabiwa, Najum amelinganishwa na Daktari Watson, na Inspekta Seif amepewa nafasi ya polisi anayetanguliwa daima na mtu asiyevaa sare. Ulinganishi huu ni wa haki, lakini umekamuliwa hadi yamebaki makapi. Makala haya yanauliza jambo jingine: mzimu wenyewe una kazi gani katika riwaya hiyo, na kazi hiyo ingekuwaje lau riwaya ingetiwa katika filamu?

Swali hili lilitujia kwa njia ya mbali. Mwaka 2013 Dolores Redondo alichapisha El guardián invisible, yaani mlinzi asiyeonekana, riwaya ya kwanza kati ya tatu zinazotendeka katika bonde la Baztan, nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Filamu yake, iliyoongozwa na Fernando González Molina, ilitoka mwaka 2017, ikafuatwa na nyingine mbili mwaka 2019 na 2020. Mwandishi wa makala haya alizitazama nyumbani Amukura, baina ya Busia na Malaba, pamoja na jamaa wasiojua Kihispania. Katika filamu ya pili, Legado en los huesos, mifupa ya vitoto huachwa kanisani. Kwa mapokeo ya Wabaski, mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo alizikwa kando ya nyumba ya wazazi wake, na mfupa wa mkono wake uliaminiwa kuwa na nguvu. Sisi vijana tulikuwa tukibahatisha jina la mhalifu. Shangazi yetu hakujali hilo. Aliuliza kwa Kiteso: mifupa hiyo ni ya ukoo gani, na nani aliyeitoa bila ya kuwaambia wenyewe?

Swali lake halikuwa la mtu asiyeelewa filamu. Miongoni mwa Wateso wa pande hizi kumekuwa na desturi ya kufukua mifupa ya marehemu, miaka kadhaa baada ya mazishi, ili iwekwe upya na roho yake itulizwe. Na mara nyingi ni maneno ya emuron, mwaguzi, yanayowaonyesha jamaa ni marehemu yupi anayelalamika. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, mfupa ni ushahidi kabla polisi hawajafika. Inspekta Amaia Salazar, licha ya mafunzo yake ya FBI, huishia kuuliza swali lile lile la shangazi.

Turudi kwa Abdulla. Maiti ya Bwana Ali yakutwa katika mzimu, mahali panapoogopwa na kuheshimiwa, na kwa hiyo hukumu iko tayari vinywani mwa watu kabla ya uchunguzi kuanza. Bwana Msa anaikataa hukumu hiyo. Anashikilia kwamba mauaji yana mkono wa binadamu, na mantiki ya riwaya nzima inasimama juu ya ukaidi huo. Abdulla aliwahi kufanya kazi katika Idara ya Afya ya Zanzibar kabla ya kuwa mwandishi wa habari, na si vigumu kuona ndani ya Bwana Msa ile tabia ya mkaguzi anayefunua kila mtungi. Lakini gharama yake ni hii: fumbo likishafumbuliwa, mzimu hauna tena la kusema. Watu wa kale wametumika kama pazia, na pazia limeondolewa.

Yuko atakayesema kwamba hiyo ndiyo sifa ya riwaya, nasi hatuwezi kumpuuza. Kisii na Kilifi, na Usukumani upande wa Tanzania, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mahali penye mauaji ya namna hiyo, mpelelezi anayekataa kuulaumu mzimu si kiigizo cha Kizungu tu; ni wakili wa wanyonge. Mhakiki anayemdhihaki Bwana Msa kwa kukosa “Uafrika” angefikiri kwanza ni nani angeshtakiwa badala ya mwuaji.

Hata hivyo Redondo anaonyesha kwamba mambo mawili yaliyofungwa pamoja na Abdulla yanaweza kutenganishwa. Wasichana wanauawa kando ya mto, manyoya ya mnyama yanapatikana kwenye maiti, na watu wa bonde wanamtaja basajaun, bwana wa msitu mwenye manyoya mwili mzima. Hatimaye mwuaji ni mtu, tena shemeji wa mpelelezi. Basajaun hakutiwa hatiani, wala hakufukuzwa msituni: yeye ndiye mlinzi wa jina la kitabu. Hatia ni ya binadamu, na mapokeo yanabaki na heshima yake. Bwana Msa angekubali nusu ya kwanza ya maneno haya. Ya pili angeipulizia moshi wa kiko.

Filamu, hata hivyo, inateleza hapa. Kitabu chaweza kusema kwamba Amaia alidhani ameona kitu, na msomaji akabaki na shaka yake. Kamera haina kitenzi cha kudhani. González Molina anajinusuru kwa mvua, ukungu na miti mirefu, nasi tunaona kwamba msitu umekuwa pambo. Katika riwaya mapokeo yanaishi zaidi jikoni, katika mazungumzo ya shangazi Engrasi na karata zake za ramli, na huko ndiko kamera isikokaa.

Filamu za video za Kiswahili zilikosea kwa upande wa pili. Nsyuka (2003) na Shumileta (2005) za Mussa Banzi zinaonyesha mizuka bila haya, lakini mpelelezi hana nafasi. Swali la nani ametenda linamezwa na swali la linatisha kiasi gani. Kwamba riwaya ya Zanzibar yaweza kutiwa katika filamu kwa subira limeshathibitishwa na Amil Shivji, aliyeipeleka Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwenye skrini mwaka 2021.

Atakayeithubutu Mzimu wa Watu wa Kale asianze na maiti. Aanze na wale wanaoleta nadhiri zao asubuhi ya kawaida, kamera ikiwa kimo cha mikono yao. Na Bwana Msa akishamtaja mwuaji, na Inspekta Seif akishaondoka na mtu wake, watu hao hao warudi, kwa sababu damu imemwagika pale na lazima pasafishwe.