Matairi Kumi ya Jimmy

Kati ya 1941 na 1945 viwanda vya Marekani vilitoa zaidi ya malori 500,000 ya GMC CCKW, yale ya magurudumu kumi ambayo askari waliyaita Jimmy. Machache yaliyobaki yamo mikononi mwa wapenzi wa magari ya zamani na makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kila Juni baadhi yake huonekana tena kwenye barabara za Normandy. Injini yake ya silinda sita hufunguliwa ikafungwa upya, bodi hunyooshwa, mbao za nyuma hupigwa nyingine. Tairi halina ukarabati wa namna hiyo. Raba ikishakauka na kupasuka ubavuni, imekwisha, na mwenye lori hana budi kuchagua jingine. Uchaguzi huo hudharauliwa hata na watu wanaobishana usiku kucha juu ya rangi halisi ya kijani ya jeshi, na naona wanakosea sana. Kuchagua matairi ya lori la vita ni ufundi kamili, na anayeujua haanzi kwa kuuliza tairi lipi ni la asili, wala lipi ni la kisasa zaidi. Anauliza lori hili lilisanifiwa likanyage vipi.

Hoja ya uasilia huanguka mapema ukivitazama Vita vya Pili vya Dunia vyenyewe. Jimmy lilivaa saizi 7.50-20, yenye kashata nene zilizokatwa sawasawa pande zote, ili tairi livute vilevile lori likienda mbele au likirudi nyuma, na ili tairi moja lifae gurudumu lolote, la kushoto au la kulia. Umbo hilo lilidumu. Mpira wenyewe ulibadilika kabisa. Japani ilipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwanzoni mwa 1942, Washirika walipoteza sehemu kubwa mno ya mpira wa asili duniani. Hata Tanganyika, miti ya mpira iliyoachwa tangu zama za Wajerumani ikagemwa tena. Marekani ikajenga viwanda vya mpira wa kutengenezwa, na matairi ya jeshi yakaanza kutoka na mchanganyiko mpya, uliopata joto zaidi chini ya mzigo mzito. Kisha ikaja Red Ball Express, misafara ya ugavi iliyoyafuata majeshi ndani ya Ufaransa kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16, 1944, wengi wa madereva wake wakiwa Wamarekani weusi. Malori ya tani mbili na nusu yalipakiwa maradufu, yakaenda usiku na mchana juu ya barabara zilizotapakaa vipande vya chuma na makopo ya chakula yaliyotupwa na askari. Matairi yalitoboka, yakazibwa, yakavishwa raba mpya, yakatupwa kwa maelfu. Jeshi lenyewe, basi, halikuwa na tairi la asili la kulitunza. Lilikuwa na saizi, umbo la kashata na kiwango cha mzigo, na hivyo vitatu ndivyo anavyorithi anayelitunza lori leo.

Saizi ndiyo huumiza wengi, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Jimmy linasukumwa na ekseli mbili za nyuma muda wote, na ya mbele huunganishwa kwa wenzo dereva anapotaka. Baina ya ekseli hizo hakuna difu ya kuzipa nafasi zinapotofautiana. Matairi ya ekseli moja yakiwa makubwa kidogo kuliko ya ekseli nyingine, gia hubanana kila mzunguko. Matopeni gurudumu huteleza na mbano ukalegea. Juu ya lami hakuna pa kulegea, na kinachoumia ni meno ya gia, shafti na raba. Kwa hiyo fundi makini haiamini namba iliyochapwa ubavuni. Hujaza upepo matairi yote kwa kiwango kimoja, huyaacha yatulie, kisha hupitisha utepe wa kupimia katikati ya kashata, tairi moja baada ya jingine, na kuandika mzingo wa kila moja kwa chaki ubavuni. Baada ya hapo ndipo anapoyatafutia wenza. Matairi pacha ya nyuma yakitofautiana hata kwa milimita chache, lile kubwa hubeba mzigo wa mwenziwe na dogo huburutwa. Anayeshawishika kupanda hadi 8.25-20 kwa kuwa ni rahisi kupatikana ajue kwamba kipenyo huongezeka kwa takriban sentimita nne, matairi pacha husogeleana hadi kukaribia kusuguana, na injini yenye nguvu ya farasi isiyofika 110 hujikuta inasukuma gia ndefu kuliko ilizopewa.

Wapo wanaosema haya yote yangeisha kwa kufunga radiali, na hoja yao ina uzito. Tairi la zamani lina tabaka za nyuzi zilizopishana mshazari kama ukili wa mkeka. Ubavu wake ni mgumu, na kwenye lami yenye mifereji hufuata mifereji hiyo badala ya usukani. Radiali, ambayo Michelin ilipata hataza yake 1946, nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo chini ya mkanda imara. Ubavu hulainika, kashata hulala vizuri barabarani, joto hupungua, tairi hudumu. Jeshi la Marekani lenyewe lilipoyaboresha malori yake ya M35 kuwa M35A3 liliondoa matairi pacha ya nyuma likaweka radiali pana, moja moja. Lakini liliweka pia injini mpya, giaboksi ya kujiendesha na usukani unaosaidiwa. Nani ataliwekea Jimmy vyote hivyo na bado aliite Jimmy? Radiali huikunja ringi kwa namna ambayo ringi ya 1943 haikutarajiwa kukunjwa, na hutaka tyubu ya aina yake. Kwa lori linalosafiri mbali barabara kuu, radiali za 7.50 kwa magurudumu yote kumi, juu ya ringi zilizothibitishwa kuzimudu, ni uamuzi ninaouheshimu. Kwa mengine yote ningechagua matairi mapya ya nyuzi mshazari, yanayotengenezwa hadi leo kwa kashata ileile ya jeshi. Kuchanganya aina hizo mbili katika lori moja sikubali kwa hali yoyote.

Pingamizi la mwisho ni la mwenye matairi ya zamani ambayo kashata zake bado ni nene: lori linatembea siku chache kwa mwaka, ya nini kuyatupa? Raba huzeeka hata ikisimama. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, zilizoanza kutumika 2000, hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Uingereza ilipiga marufuku Februari 2021 matairi yaliyozidi miaka kumi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, ikayasamehe magari ya kihistoria yasiyofanya biashara. Msamaha huo ni wa sheria, raba haiujui. Siku ya gwaride nyuma ya Jimmy huketi wazee na watoto. Tairi la 1944 lina thamani, nami nataka lihifadhiwe, likae jumba la makumbusho chini ya lori lililoinuliwa juu ya stendi.

Na kuchagua hakumaliziki dukani. Ringi za lori hili zina pete ya chuma inayolifungia tairi. Pete ikikaa vibaya kwenye mfereji wenye kutu, upepo huirusha kwa nguvu ya kuua. Fundi husugua mfereji hadi chuma kionekane, hupitisha kidole mzunguko mzima, na hujaza upepo tairi likiwa ndani ya kizimba, yeye akiwa kando na mpira mrefu wa pampu. Kwenye magurudumu pacha hukaza kwanza nati ya ndani, ndipo ya nje, akikumbuka kwamba upande wa kushoto nati hukazwa kinyume. Baada ya kilomita chache za kwanza husimamisha lori, hulegeza ya nje, huikaza ya ndani tena, kisha ya nje, na kurudia hivyo nati moja moja, magurudumu yote ya nyuma.