Medianuwai si Njia Nyingi

Neno medianuwai limeingia katika mihadhara na tasnifu zetu, na kwa umbo halina kasoro. Ni media na anuwai, irabu moja ikimezwa. Nomino imetangulia, kivumishi kikafuata, kama sarufi ya Kiswahili inavyotaka; bioanuwai limeundwa vivyo hivyo. Waliolibuni hawakuiga mpangilio wa Kiingereza, ambako kiambishi cha wingi hutangulia. Kwa hilo wanastahili pongezi.

Tatizo ni matumizi. Anuwai, lenye asili ya Kiarabu, linahusu aina, si idadi. Ukisema vitabu anuwai, huenda ni vinne tu, mradi vinatofautiana. Kwa hiyo medianuwai ni maandishi, sauti na picha vikiwa pamoja katika kazi moja. Sidii ya somo la matamshi yenye picha ya kinywa, sauti na maandishi ni medianuwai, hata kama inamfikia mwanafunzi kwa njia moja.

Sasa tuchukue taarifa ya habari ya redio inayorushwa kwa FM, setilaiti na intaneti wakati mmoja. Njia ni tatu, lakini kinachosikika ni sauti ile ile. Kuiita medianuwai, kama wafanyavyo baadhi ya wanafunzi wetu, ni kuchanganya mzigo na gari. Anayetafsiri kitabu cha mawasiliano kwa mtindo huo atafika mahali dhana hizo mbili zinapolinganishwa, naye ana istilahi moja tu mkononi.

Tuseme nini basi? Idhaa haifai: kwa msikilizaji ni kituo au huduma ya lugha, kama Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957. Chaneli humkumbusha mtu runinga. Mikondo inavutia, ila shuleni "mikondo miwili" ni madarasa sambamba. Hapa Uganda, Kiganda kina omukutu, wingi wake emikutu, ambalo lingekaa vizuri katika ngeli ya M-MI, japo Mswahili atasikia kutu ndani yake!

Mimi ningechagua njia nyingi. Wapenzi wa istilahi za neno moja watanung'unika, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataielewa bila kamusi. Tena -ingi huhesabu, kazi ambayo anuwai haiifanyi. Ndipo tutaweza kusema, bila utata, "urushaji wa kipindi cha medianuwai kwa njia nyingi".