Kosa na Jeraha: Kumsoma *Rosa Mistika* kwa Jicho la Afya ya Hisia ya Wanafunzi

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Rosa Mistika* (1971), ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi. Katazo hilo liliondoka, lakini mtazamo uliolizaa ungalipo: Rosa husomwa kama onyo kwa wasichana. Makala hii inadai kuwa usomaji huo huliona kosa na kulipita jeraha, na kwamba shule inayosoma fasihi hivyo huwatazama pia vijana wake hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa riwaya, Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Kipigo hicho kinamfundisha Rosa kuogopa, hakimfundishi kujielewa. Hofu hiyo anaibeba hadi shule ya bweni, kisha inageuka kuwa uhuru usio na mwongozo. Chuoni, mkuu wa chuo, aliyepaswa kuwa mlezi, anakuwa miongoni mwa wanaume wanaomtumia. Hatimaye mchumba wake anamkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua. Nyumbani, chuoni na katika uchumba, Rosa anapimwa kwa mwenendo wake. Anachohisi hakipewi uzito.

Wahakiki wengi wameeleza anguko hilo kwa malezi makali ya Zakaria. Hoja hiyo ni sahihi, ila haitoshi, kwa sababu inaiweka lawama yote nyumbani na kuiachia shule huru. Kwa upande mwingine, riwaya yenyewe haina budi kuhojiwa. Kifo cha Rosa kinaweza kusomwa kama malipo ya dhambi; na kwa msomaji mwenye majonzi yake, kinaweza kuonekana kama mlango pekee uliobaki. Mhakiki anayeipendekeza kwa vijana hana haki ya kulinyamazia hilo.

Suala hili linazigusa nchi jirani moja kwa moja. Nchini Uganda, mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Kadiri somo linavyokua, vitabu vitateuliwa na maswali yatatungwa. Swali la “Rosa alikosea wapi?” humpa mwanafunzi nafasi ya hakimu. Swali la “Ni nani angeweza kumsikiliza Rosa, na kwa nini hakumsikiliza?” humpa msamiati wa hofu, fedheha na upweke, bila kumlazimisha kusimulia yake.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, miongozo ya walimu itenganishe maswali ya maadili na maswali ya hisia, na yote mawili yatahiniwe. Pili, mwalimu asimtake mwanafunzi yeyote aungame mbele ya darasa. Tatu, kabla ya kufundisha matini yenye kujiua, shule iwe imekwisha kumteua mshauri, na mwalimu ajue atampeleka wapi mwanafunzi atakayebaki kitini baada ya kengele. Mwalimu wa fasihi si tabibu. Lakini mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza kuliona jeraha, na somo lake lisimfunze kulipita.