Kete Haijui Mstari

Mwanakwerekwe, Zanzibar, mtu huenda kwa haja: sokoni, mahakamani au kuzika. Asiye na haja hukaa barazani, na palipo na wanaume wenye wakati, bao halikosi. Mtazame anayelijua. Anachota kete za komwe na kuzimwaga moja moja, na kabla ya ile ya mwisho kuanguka mwenzake ameshajua kama zamu italala au kuna kuliwa. Mkono ukifika mwisho wa ubao haupunguzi mwendo. Unaingia mstari wa nyuma na kuendelea, utadhani pale hapana kona.

Kona hiyo ndiyo inayowasumbua wanaoandika michezo ya kompyuta, na namna ya kuipita ni ufundi mdogo ninaoupenda.

Kompyuta haina ubao. Kumbukumbu yake ni mfululizo mmoja mrefu wa vijumba vyenye namba kuanzia 0, na kila chenye marefu na mapana hunyooshwa kwanza ndipo kiingie. Game Boy, mashine ya michezo ya Nintendo iliyotoka mwaka 1989, ilichora mandhari kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Ramani yake ilikuwa vigae 32 kwa 32, nayo ikakaa ndani ya mashine kama baiti 1,024 zinazofuatana: mstari wa kwanza wote, kisha wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Tiled, programu ambayo wengi huchorea ramani za michezo siku hizi, nayo huweza kuandika tabaka zima la vigae kama orodha moja ya namba, ambamo 0 ni mahali patupu. Ni kazi ya mshona mkeka ikirudishwa nyuma: yeye huanza na ukili mmoja mrefu, akaushona ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana.

Kukipata kigae ndani ya orodha hiyo, zidisha namba ya mstari kwa upana, kisha jumlisha namba ya safu. Ubao wa bao una mistari 4 ya mashimo 8. Ukihesabu kuanzia 0, shimo la mstari wa 2, safu ya 5, ni 2 mara 8 jumlisha 5, yaani 21. Kurudi ni kugawanya: 21 kwa 8 ni 2, baki 5. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza hesabu hii, na michezo mingi ajabu imesimama juu yake.

Mwenye haraka huishia hapo, na bao lake huharibika. Kwa hesabu hiyo shimo la 7 liko mwisho wa kulia wa mstari wa kwanza, na la 8 liko mwanzo wa kushoto wa mstari wa pili. Kete ikitoka 7 kwenda 8 inaruka ubao mzima. Kwenye michezo ya kutembea kosa hilo hilo humtoa shujaa kulia na kumwibua kushoto, mstari mmoja chini, na dawa iliyozoeleka ni kuizungushia ramani vigae vya ukuta. Bao halikubali dawa hiyo, kwa sababu ukingoni ndiko njia inakopita.

Basi achana na mistari minne. Mpe kila mchezaji orodha yake ya mashimo 16. Ahesabu kutoka kushoto kwake: mstari wa mbele 0 hadi 7 kuelekea kulia, kisha wa nyuma 8 hadi 15 akirudi kushoto. Baada ya 15 inakuja 0. Shimo la 7 na la 8 sasa yamepakana kweli, moja mbele na moja nyuma yake, na 15 limekaa nyuma ya 0. Kete haina tena pa kuruka.

Hapo hesabu inakuwa nyepesi mpaka inafurahisha. Kwenda kulia, jumlisha 1, gawa kwa 16, chukua baki. Kwenda kushoto, jumlisha 15 na ufanye vivyo hivyo; ukitoa 1 ukiwa kwenye 0, lugha ya kompyuta ya C na za ukoo wake hukurudishia baki hasi, na hakuna shimo lenye namba hiyo. Chota kete 7 katika shimo la 4 uende kulia: 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11. Umeishia wapi? Nyuma kabisa ya pale ulipoanzia, maana shimo la nyuma hupatikana kwa kutoa namba ya shimo la mbele kwenye 15.

La mpinzani linalokukabili ni 7 kutoa namba yako, ndani ya orodha yake yeye. Hili ndilo ninalolistahi kuliko yote. Wachezaji wameketi wakitazamana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine, na programu haihitaji kumuuliza mtu amekaa upande gani. Kanuni zinaandikwa mara moja. Zamu ikipita, orodha mbili zinabadilishana nafasi.

Nyumba, shimo kuu la kila mchezaji, ni la 4 kwa wote wawili. Toa 4 kwenye 7, unapata 3. Ndiyo maana nyumba haikabiliani na nyumba, jambo ambalo kila aliyewahi kutandaza bao analijua kwa macho. Bao la Kiswahili huanza na kete 6 ndani ya nyumba, 2 katika shimo la 5, 2 katika la 6, na 22 mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Vichwa, yaani mashimo ya ncha za mstari wa mbele, ni 0 na 7. Kimbi ni 0 na 1 upande mmoja, 6 na 7 upande wa pili: ukila kwenye kimbi ya kushoto unaanza kumwaga kichwa cha 0, ukila kwenye ya kulia unaanza 7. Hata kanuni kwamba kwenye mtaji, yaani kete za mkononi zikishaisha, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanza kula inaeleweka vizuri zaidi hapa, kwani kete 16 zinamaliza duara na kukurudisha ulikotoka.

Mashimo yote 32 yanatosha katika baiti 32. Prosesa nyingi za leo huvuta kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 64, hivyo ubao mzima, mikono miwili, hali ya nyumba na zamu ya nani huweza kuingia kwa mvuto mmoja. (64 ni idadi ya kete pia, sadfa tu, lakini inapendeza.) Kwa programu inayotafuta hatua nzuri, hiyo ni faida kubwa: kila hatua inayofikiriwa inataka nakala mpya ya ubao, na nakala ya baiti chache zilizopangwa pamoja ni rahisi mno.

Alexander de Voogt, Mdachi aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuwasilisha tasnifu yake Leiden mwaka 1995, aliandika juu ya uwezo wao wa kupiga hesabu ndefu kichwani. Sishangai. Kete zinazopita mzunguko mmoja na nusu, zikala, zikaanza tena kwenye kichwa cha ubao, ni vigumu kuziona kama picha ya mistari na safu. Kama mwendo wa duara, zinahesabika.

Kijana anayetaka kuweka bao kwenye simu aanzie barazani, autazame mkono kabla ya ubao. Kisha atengeneze orodha mbili za 16, na mwisho wa kila zamu ajumlishe mashimo yote na mikono yote miwili. Jibu lazima liwe 64. Likiwa jingine, atafute kosa kwanza. Rangi na sauti zisubiri.