Hasidi na Mwivu, Mbona Hamsemi?

Shuleni tulifundishwa kumpenda Adili. Mimi, walimu wangu wanisamehe, niliwapenda nduguze.

"Adili na Nduguze" kilitoka 1952, na Shaaban Robert ni mtu wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga. Wengi tunakisoma kama kitabu cha adabu. Hebu kisome kama hadithi ya wahalifu. Hasidi na Mwivu wanaona kijicho, wanamtosa ndugu yao baharini. Jini Huria anamwokoa, anawageuza wale wawili manyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku. Anachapa, kisha analia. Ayari, mjumbe wa mfalme, anayaona yote. Ukurasa ule nimeusoma mara nyingi na bado nywele zinanisimama.

Sasa ugomvi wangu. Katika kisa cha Alfu Lela Ulela kinachofanana na hiki, ndugu wanageuzwa mbwa. Mzee wetu akachagua manyani, mnyama mwenye vidole kama vyetu na uso unaokaribia wa mtu. Kazi ngumu ameshaimaliza hapo! Halafu anawaziba midomo. Nyani anawaza nini mchana kutwa, akingojea kiboko? Anajuta, au anapanga? Hatuambiwi. Wanarudi kuwa watu, wametubu, basi. Na majina yenyewe je? Ukimwita mtu Hasidi, umeshamhukumu kabla hajafungua mdomo.

Mtaani hatusimulii hivyo. Nenda Amboni kwenye mapango, si mbali na mjini, utasimuliwa habari za Osale Otango na mwenziwe Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya Mwingereza. Inasemekana Otango aligeuka paka, mbuzi, hata ua. Huyu atakwambia alikuwa jambazi, yule atakwambia alikuwa mpigania haki, na wote wamekaa benchi moja wanakunywa kahawa. Ila Otango akigeuka paka bado ni Otango: anasikia, anahesabu hatua za askari. Hasidi akigeuka nyani anakuwa funzo tu.

Na sisi vijana tunaoandika hatuna nafuu. Majambazi kwenye miswada yetu ama wanapigwa risasi, ama wanaokoka kurasa mbili kabla ya mwisho. (Wangu aliokoka kwenye basi la Korogwe. Nimeichana sura ile.)

Sasa nimeanza nyingine. Ni usiku, Mwivu yuko kwenye mnyororo, anasikia nyayo za ndugu yake, na kwa uzito wa hatua anajua leo mkono utakuwa mzito au mwepesi. Nimekwama hapo wiki tatu. Bado sijajua kama nyani huyu anamchukia.