Bawa la VC10 na Mapenzi ya Marubani

Marubani waliopata kuirusha Vickers VC10 aghalabu huisifu kwa sifa ambazo watu wa mahesabu katika mashirika ya ndege hawakuona sababu ya kuzitoa, na anayeuchungua muundo wake atatambua kuwa makundi hayo mawili yalikuwa yakitazama kitu kimoja, nacho ni bawa lake.

Asili ya jambo hili ni viwanja vya Afrika. Shirika la BOAC la Uingereza lilitaka ndege ya kwenda Kano, Johannesburg na Nairobi, na Embakasi, uliko uwanja wa Nairobi, iko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Na mahali palipoinuka namna hiyo, khasa jua la adhuhuri likisha kuupasha uwanja, hewa huwa nyepesi, injini zikapungukiwa na msukumo na bawa likapungukiwa na nguvu ya kuinua, hata rubani akalazimika ama kupata njia ndefu zaidi ya kurukia ama kuacha nyuma sehemu ya shehena yake. Wahandisi wa Vickers huko Weybridge, Uingereza, chini ya George Edwards, hawakungoja serikali zirefushe njia hizo. Waliziondoa injini zote nne mabawani, wakazifunga mbilimbili ubavuni karibu na mkia, ili ukingo wa mbele wa bawa upate vibao vya kusogea kutoka shinani hata karibu na ncha, na ule wa nyuma upate vibawa vipana vya kushuka, pasiwe na injini ya kuikatiza safu. Bawa lililokunjuliwa hivyo huibeba ndege hata mwendo ukipungua, ndiyo maana VC10 ilitua taratibu kuliko Boeing 707, kwa tofauti ya kiasi cha maili 20 kwa saa. Na thamani ya maili hizo huijua aliyewahi kutua usiku wa mvua, lami ikiwa imerowa.

Kadhalika, kwa kuwa injini zilikaribiana na kiwiliwili, moja ikizimika ndege haikuvutwa upande kwa ukali. Lakini mimi nautukuza zaidi usukani: vipande vya kuiongozea ndege, mkiani na mabawani, viligawanywa, na kila kimoja kikapewa mtambo wake wenyewe wa kukisukuma, hata hitilafu moja isiweze kumpokonya rubani chombo chake.

Haya yote yalikuwa na bei. Injini iliyotundikwa bawani hulifaa bawa, maana uzito wake huvuta chini pale hewa inapolipinda juu. VC10 iliukosa msaada huo, ikabidi iimarishwe kwa uzito wa ziada, na uzito huo ukalipiwa mafuta katika kila safari. Nazo njia za viwanja zikarefushwa, faida ikafifia. Zikaundwa 54 tu.

East African Airways, mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilinunua Super VC10 tano kuanzia 1966, na kwa shirika lenye makao yake Embakasi siuoni ununuzi huo kuwa fahari tupu. Moja iliangamia Addis Ababa 1972. Nne zilizosalia, shirika lilipovunjika 1977, hatimaye zilinunuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, na ndege iliyolaumiwa kwa kula mafuta ikapewa kazi ya kuzigawia nyingine mafuta angani. Ile iliyosajiliwa Tanzania kwa alama 5H-MMT ilifanya safari yake ya mwisho tarehe 25 Septemba 2013.